Ukuta Nyuma ya Kitanda

"Kwangua kwanza," mume wake alisema kutoka kitandani.

Maneno yalimtoka mazito, yamegandana, lakini mkewe aliyaelewa. Alikuwa anayasikia tangu asubuhi. Alichovya brashi kwenye ndoo, akaipangusa ukingoni isidondoshe, akaendelea kupaka pale alipoishia, kuanzia usawa wa bega kwenda chini, mahali ambapo ukuta ulikuwa umevimba na kutoa unga mweupe kama chumvi. Brashi ilipopita, unga ulinyanyuka ukachanganyika na rangi, na nyuma yake ikabaki michirizi ya vipunje.

"Hiyo haishiki."

"Ishike mpaka jioni tu. Baada ya hapo ibanduke inavyotaka."

"Kwangua. Iache ikauke. Halafu ndio upake."

"Baba Bibi," alimwita kwa jina la binti yao, "wageni wanakuja leo. Ukuta huu haujakauka tangu mvua za mwaka jana, utakauka leo kwa ajili yangu?"

Upande wa kulia wa mume ulikuwa umekufa ganzi tangu kiharusi kilipompata, na mdomo umevutika; lakini macho yalikuwa mazima, na yalifuata brashi kila ilipokwenda, kama mwalimu anayemtazama mtoto akiandika herufi kinyume. Mtaani walijulikana kama mafundi wawili ndani ya nyumba moja. Yeye aliitwa Fundi Rangi na mkewe Fundi Cherehani, na watani walizoea kusema kwamba mmoja anavisha nyumba na mwingine anavisha watu. Sasa aliyebaki kazini ni mmoja, na leo alikuwa anavisha ukuta.

Nyumba ilikuwa inauzwa. Mwenye nyumba alikuwa ameshazeeka, amehamia kwa wanawe, hataki tena shughuli za wapangaji. Hakuwa na ubaya nao, wala wao hawakuwa na deni lake. Lakini Fundi Cherehani alikuwa ameshazunguka kutafuta kwingine mpaka soli za viatu zikalika. Huku choo kiko ng'ambo ya ua, kule kiko juu ya ngazi, na kote wanataka kodi ya miezi sita mkononi kabla hawajakuonyesha ufunguo. Hapa choo kilikuwa hatua chache kutoka kitandani, sakafu moja, bila kizingiti. Mume wake aliweza kufika akishikiliwa. Na kibaraza cha mbele ndicho wateja wa cherehani walichokijua.

Dalali alikuwa amemwahidi jambo moja: atazungumza na mnunuzi aichukue nyumba pamoja na wapangaji wake. Kwa neno hilo Fundi Cherehani angepaka rangi hata paa.

"Hodi!" dalali aliita mlangoni, ingawa mlango ulikuwa wazi na yeye mwenyewe ndiye aliyeleta ndoo ya rangi.

"Karibu, mwanangu. Pita."

Hakupita. Alivua viatu kwanza, akavipanga pembeni visimkwaze mtu, akaingia na soksi zake safi. Hakuwahi kuingia nyumba ya mtu na viatu, hata nyumba isiyo na zulia, hata iliyokuwa na sakafu ya udongo. Alikuwa na taratibu zake na alizishika kama wengine wanavyoshika ibada: salamu kwa wenyeji kabla ya wateja, kabati la mtu halifunguliwi, nguo za ndani zianuliwe kabla wageni hawajafika, na aombe hivyo kwa sauti ya chini, huku anatazama kwingine. Madalali wenzake walimcheka. Mmoja alimwita Bwana Harusi.

"Mama, umejitahidi," alisema akiutazama ukuta. "Nikukumbushe tu, usinielewe vibaya. Wakiuliza jambo la nyumba?"

"Muulizeni dalali."

"Wakiuliza maji yanatoka kila siku?"

"Muulizeni dalali."

"Wakikuuliza jina?"

"Na hilo nalo wamuulize dalali?"

Walicheka wote wawili, na kutoka kitandani ikasikika kama mkwaruzo. Mgonjwa naye alikuwa amecheka. Dalali aligeuka, akampa mkono, akiuchagua ule wa kushoto.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Rangi hii..." mzee alianza.

"Ni ya maji, mzee, najua. Ndiyo niliyoimudu."

Kisha dalali alisimama katikati ya chumba, akapima kwa macho kutoka dirishani kilipokuwa kitanda mpaka ukutani kulipopakwa. Alikohoa kidogo. Akamwambia Fundi Cherehani kwamba itabidi kitanda wakisogeze huku, kichwa kielekee ukutani.

"Pale pabichi, mwanangu. Anakohoa."

"Kwa saa chache tu. Mama, mtu mwenye adabu hamkodolei macho mgonjwa. Anasimama mlangoni, anasema pole, anageuka. Na asipogeuka, mimi namgeuza."

Fundi Cherehani alibaki na brashi mkononi. Rangi ilimtiririka kwenye kifundo cha mkono bila yeye kuipangusa.

"Kwa hiyo mume wangu ndiye pazia."

Dalali aliziangalia soksi zake. "Nyumba hii nimeitembeza mara tatu. Kila mara ni ukuta huo. Mwenye nyumba amesema nisipoiuza mwezi huu anampa mwingine, na huyo mwingine mnamfahamu, anaingia na viatu mpaka chumbani. Hatawaombea."

Hilo lilikuwa kweli. Fundi Cherehani aliweka brashi chini, akashika mguu wa kitanda upande mmoja, dalali akashika mwingine.

"Samahani, mzee, tunakusogeza kidogo," dalali alisema.

Hakuna aliyemuuliza kama anataka.

*

Waliotangulia walikuwa kijana na mchumba wake. Waliingia na viatu. Dalali aliviangalia viatu, akameza mate, akasema, "Karibuni, tunapita tu, mama samahani." Fundi Cherehani alikuwa kibarazani kwenye cherehani yake, kama walivyopatana, anashona kitambaa kisicho cha mtu yeyote. Uzi ulikuwa umekwisha tangu zamani. Aliendelea kukanyaga pedeli.

Kijana aligonga kuta za sebule kwa ngumi kama anayepima tikiti sokoni. Mchumba wake alikuwa kwenye simu.

"Bado kuna watu ndani," alimwambia mtu wa upande wa pili. "Eeh, wanaishi kabisa. Kuna harufu harufu ya dawa hivi... Hapana, itatoka tu."

Walipofika chumbani, mambo yalikwenda kama dalali alivyosema. Kijana alitia kichwa, akaona uso uliovutika kwenye mto, akasema "pole, mzee" huku anatazama balbu ya darini, akarudi nyuma haraka hata akamkanyaga mchumba wake. Ukuta hakuuona. Chooni alivuta maji, akasikiliza, akatikisa kichwa.

Wakati wa kutoka, msichana alisimama kibarazani, karibu na bega la Fundi Cherehani, akanyoosha mikono kupima.

"Hapa tukivunja, gari linaingia. Na geti hapa. Si eti?"

"Linaingia," kijana alisema. "Ila hiki kimashine kitakuwa kimeondoka."

Fundi Cherehani alikuwa na pini mdomoni. Alizishika kwa meno mpaka walipopinda kona. Dalali alisogea, akainama, akamwambia polepole kwamba hao hawanunui, ni watu wa kutembelea nyumba za wenzao siku za mapumziko. Alisema hivyo kumtuliza. Fundi Cherehani aliitikia kwa kichwa, lakini alipozitema pini zilikuwa zimeacha alama nyekundu kwenye mdomo.

*

Wa pili alikuwa mama wa makamo, mwenye duka la dawa. Alifika kwa miguu, peke yake. Mlangoni aliviona viatu vya dalali, naye akavua vyake.

"Wenyewe wapo?" aliuliza.

"Wapo, mama, ila tusiwasumbue..."

"Nyumba ya watu naingiaje bila kuwasalimia?"

Akarudi kibarazani. "Habari za kazi, dada?"

"Nzuri. Karibu." Fundi Cherehani aliinuka. Hakujua mikono aiweke wapi. Siku zote za kutembezwa kwa nyumba, huyu alikuwa wa kwanza kumwambia neno lisilo la kumwomba apishe.

Mwenye duka la dawa alikagua taratibu. Hakugonga kitu. Jikoni alisimama mbele ya masufuria yaliyopangwa kwa ukubwa, akauliza wamekaa humu muda gani. Fundi Cherehani alimtazama dalali. Dalali, baada ya kusita, akampa ruhusa kwa macho.

"Tangu binti yetu anatambaa. Sasa anauza kwenye duka la mikate."

"Panaonekana panatunzwa. Unajua, dada, mimi sitaki kuhamia. Nyumba ya kukaa ninayo. Nataka kitu cha kuniingizia kidogo uzeeni. Na wapangaji wapya wananitisha. Leo wamekuja, kesho wameng'oa mabomba. Nikipata watu kama ninyi, ninyi mnabaki, kodi ileile, mimi nasikia tu kwamba mpo."

Dalali alikuwa nyuma yake. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alitabasamu mpaka meno yakaonekana. Fundi Cherehani alishika ukingo wa meza ya jiko. Alitaka kusema asante, ikatoka "muulize dalali", na mwenye duka la dawa akacheka sana, wakacheka wote.

"Na chumba cha huku?"

"Huko kuna mzee wetu anaumwa," dalali alisema, sauti ikishuka. "Tunasimama tu hapa mlangoni, tusimchoshe."

"Anaumwa nini?"

"Kiharusi," alijibu mkewe.

"Basi mimi nisimame mlangoni? Kila siku watu wa hivyo ndio wateja wangu." Akapita kati ya dalali na mwimo wa mlango, akaenda moja kwa moja, akakaa ukingoni mwa kitanda. Akaushika mkono wa mgonjwa, ule uliokufa, akaukunjua vidole kimojakimoja kama mtu aliyezoea.

"Pole, baba. Mnamfanyia mazoezi? Vizuri, vidole havijakaza. Presha anameza dawa gani?"

Mkewe alitaja. Mwenye duka la dawa aliitikia, akauliza kuhusu usingizi, akauliza kikohozi kilianza lini. Mgonjwa alimtazama mgeni huyu usoni bila kupepesa. Tangu aanguke, watu walizungumza mbele yake kama watu wanaozungumza mbele ya meza.

"Na kabla ya haya, baba, ulikuwa unafanya kazi gani?"

Ilimchukua muda kulisukuma neno.

"Rangi."

"Fundi rangi! Ndiyo maana." Aligeuza uso ukutani, nyuma ya mto, pakiwa bado pananukia upya. "Nilikuwa nashangaa mtu mgonjwa na chumba kimepakwa juzijuzi. Kumbe ni nyumba ya fundi mwenyewe. Kazi yako hii?"

Dalali alifungua mdomo. Fundi Cherehani alimtazama mume wake, akamwomba kwa macho, kwa kila kitu walichowahi kuwa nacho, akubali tu. Kuinamisha kichwa kungetosha.

Fundi Rangi aliutazama ukuta. Aliangalia michirizi, vipunje, mahali brashi ilipokatisha na kuanza upya.

"Hapana," alisema. "Si kazi yangu hii."

Akainua mkono wake wa kushoto, mkono uliobaki, akaingiza ukucha chini ya rangi karibu na mto, akavuta. Ikabanduka kipande kirefu, laini, chenye maji, kama ngozi ya mtu aliyeungua. Nyuma yake plasta ilikuwa nyeusi. Donge la plasta likaanguka shukani, na likavunjika kuwa tope.

"Hawakukwangua," alieleza, kwa shida na kwa makini, fundi akimweleza mteja. "Bomba linavuja ndani. Lazima kuvunja mpaka chini. Rangi haishiki hapa."

*

Mwenye duka la dawa hakupiga kelele. Aliugusa ukuta kwa kiganja, akakinusa kiganja, akauliza kwa upole huyu baba analala hapa kila usiku? Fundi Cherehani akatazama dirishani, kilipokuwa kitanda asubuhi. Mgeni alitoka kibarazani, akazungumza na dalali kando. Kisha akamwita Fundi Cherehani.

"Dada, nitainunua, maana bei itashuka. Lakini siwezi kuichukua ninyi mkiwa ndani."

"Ulisema tutabaki."

"Nilisema kabla sijauona ukuta. Mimi nauza dawa za kifua kila siku. Nipokee kodi kwa mtu anayelala kwenye unyevu ule? Nitakuwa mtu wa namna gani? Bomba lazima lifukuliwe, ukuta uvunjwe, labda na sakafu."

"Tutajibana vyumba vya mbele. Mafundi wavunje sisi tukiwa mbele."

"Vumbi la plasta na kifua kile? Na choo kitafungwa." Macho yake yalikuwa yamelowa. "Nami fedha nikishaiingiza kwenye matengenezo, kodi haitakuwa hii. Sitakudanganya."

Alifungua mkoba, akatoa kadi ya duka lake, akaandika kitu nyuma. Fundi Cherehani akionyesha kadi hiyo atapewa dawa za mzee za mwezi mzima, bila malipo. Alimwekea mkononi, akamfumba vidole, akavaa viatu vyake, akaondoka kwa miguu kama alivyokuja.

Dalali alichuchumaa kufunga kamba za viatu. Alizifunga, akazifungua, akazifunga tena.

"Sijakasirika, mama."

"Najua."

"Mwisho wa mwezi iwe tupu. Nitaomba siku kidogo juu yake, lakini..." Aliikaza kamba. "Ndoo ya rangi baki nayo tu." Akasimama, akachungulia ndani na kusema kwa sauti kidogo, "Mzee, kwaheri." Hakusubiri kujibiwa.

*

Binti yao, waliyezoea kumwita Bibi kwa kuwa alibeba jina la mama yake baba, alirudi na mkate wa jana chini ya kwapa. Aliikuta nyumba kimya, mama amekaa kwenye kiti cha cherehani, mgongo kwa barabara. Alisikiliza yote akiwa amesimama. Kisha aliingia chumbani.

"Baba, neno moja tu! Ungesema ndiyo. Hata usingesema, ungenyamaza!"

Baba yake alitazama shuka.

"Tunakwenda wapi? Hebu niambie, wewe unayejua kila kitu cha kuta. Nani atapangisha watu wa mgonjwa? Mama amembembeleza dalali wiki nzima, ameosha mpaka ngazi ya nje kwa sabuni yake, wewe unakuja kusema rangi haishiki!"

"Bibi, basi," mama aliita.

"Siachi! Nani aliyemuuliza habari za rangi?"

"Mgeni ndiye aliyemuuliza," mama alisema. Alikuwa ameshafika mlangoni. "Alimuuliza vizuri."

Binti aliketi sakafuni, akajifunika uso kwa aproni ya dukani. Ilikuwa na unga mabegani. Mgonjwa aliinua mkono wa kushoto, akaushusha juu ya kichwa chake, mkono ukalala pale mzito, ukucha bado una rangi ndani. Bibi hakuuondoa. Hakuugusa pia.

"Nimewaponza," baba alisema.

Mkewe alitaka kusema hapana, lakini hakuwa mtu wa kusema asichokiamini, na jioni ile hakuwa na nguvu ya kujifunza.

"Shika huko tumrudishe dirishani," alimwambia binti.

Walikisogeza kitanda. Kilikwaruza sakafu kikaacha mistari miwili. Kilipotoka, ukuta wote ulionekana: michirizi yake, na katikati lile jeraha jeusi uliloliacha ukucha, likiwa limeanza kushuka lenyewe, rangi ikijikunja pembeni kwa uzito wake. Harufu ya udongo mbichi ilijaa chumbani.

Fundi Cherehani aliutazama. Kisha akapiga magoti, akavuta kutoka uvunguni sanduku la vifaa vya mumewe, ambalo hakuna aliyekuwa amelifungua tangu aanguke. Alichagua kikwanguo kipana chenye mpini wa mti uliochongeka kwa kiganja cha mtu mwingine. Akaweka makali ya kikwanguo ukutani, juu, akasukuma.

"Mama, huo ukuta unavunjwa," Bibi alisema.

"Najua."

"Sasa unamfanyia nani?"

Alisukuma tena. Rangi yake ya asubuhi ilishuka kwa vipande virefu, ikaanguka miguuni pake bila sauti. Alikwenda taratibu, mstari baada ya mstari. Alipoinamisha kikwanguo vibaya kilichimba plasta, na kutoka kitandani sauti nzito ikasema, "Kilaze," akakilaza, kikateleza vizuri. Baada ya muda binti aliinuka, akaleta gazeti kuukuu, akalitandika chini kupokea vipande. Hakuna aliyewasha taa. Walifanya kazi mpaka mwanga wa dirishani ukawa hautoshi kutofautisha rangi na unyevu.

Nusu ya chini ilikuwa bado. Fundi Cherehani alisimama, akanyoosha mgongo, akamtazama mumewe.

"Niendelee?"

Mume alifikiri, kama alivyokuwa akifikiri zamani kabla ya kumpa mteja jibu.

"Hapana. Iache ipumue," alisema. "Hiyo iliyobaki, kesho."

Mkewe alikifuta kikwanguo kwa upindo wa gauni lake na kukiweka dirishani, mahali atakapokiona asubuhi.